Opereta anayeisikiliza mitandao ya kijamii kwa barua pepe

Kioo cha kompyuta ni cheusi tii. Hajakiwasha, na hana sababu ya kukiwasha. Ni saa mbili asubuhi. Opereta amekunja mikono ya shati, amevaa hedifoni iliyounganishwa kwa gundi ya viatu, na vidole vyake vinakimbia juu ya vibonye.

Ndani ya hedifoni kuna sauti nyembamba inayokwenda kasi kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Mgeni akipewa asikilize haambulii hata neno moja. Yeye anaambulia yote.

"Shule ya udereva," anasema bila kugeuka. "Mtu anauliza kama gari la kujifunzia lina breki upande wa mwalimu. Huyo ni mteja, ana hofu tu." Kidole kinagonga. "Saluni. Mtu kasifu nywele za mtu mwingine. Pongezi." Kidole tena. "Bustani ya miche. Analalamika mche wake umekauka. Nitamuuliza kama aliumwagilia maji au aliuombea tu."

Nyuma ya ukuta wa mbao nyepesi uliogawa chumba, nyundo inagonga soli. Harufu ya ngozi na gundi imejaa hadi mlangoni. Hii ni karakana ya viatu, na meza ya Opereta imebanwa kwenye kona yake ya nyuma, kati ya dirisha na rundo la maboksi.

Opereta, kama anavyoitwa na kila mtu mtaani, ana umri wa miaka arobaini na saba. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, baada ya homa kali. Leo anasimamia kurasa za biashara ndogo kumi na moja katika mitandao minne ya kijamii. Ajabu yake ni kwamba mitandao yenyewe karibu haifungui kabisa.

Mtu akitoa maoni, akiuliza bei, akituma ujumbe au akisambaza picha kutoka kwenye moja ya kurasa hizo, mtandao humtumia Opereta barua pepe kumjulisha. Programu ya kompyuta inamsomea kwa sauti. Anaipanga barua, na mara nyingi anaijibu papo hapo kama mtu anavyojibu barua yoyote. Jibu linajitokeza lenyewe chini ya maoni ya mteja. Mtandao usioruhusu hivyo humwekea kiungo kinachompeleka kwenye maoni hayo tu, anajibu na kutoka.

"Wenzangu wanaingia sokoni kutafuta habari, wanarudi wamechoka na wamesahau walichofuata," anasema. "Mimi nimekaa mlangoni kwangu. Habari ndiyo inayokuja kupiga hodi."

Kazi ya kupokea hodi za watu haikuanza jana. Kwa miaka kumi na sita alikuwa opereta wa simu katika shirika moja lenye jengo refu. Simu zote za jengo zilipita mikononi mwake.

"Nilimjua kila meneja kwa sauti, akiwa ameshiba na akiwa na njaa," anakumbuka huku akicheka. "Ukitaka ruhusa ya likizo, ulikuwa unaniuliza mimi kwanza kama leo ni siku nzuri ya kuomba."

Kisha shirika likanunua mtambo unaopokea simu wenyewe. "Nilipokonywa kazi na mwanamke aliyerekodiwa," anasema. "Bonyeza moja, bonyeza mbili. Hata salamu hakuwa nayo."

Alikaa nyumbani zaidi ya miaka miwili. Mkewe, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyeibeba nyumba. Opereta alijifunza kompyuta katika mafunzo ya chama cha wasioona, akapata mashine kuukuu ambayo betri yake ilikuwa imekufa, akaanza kutafuta kazi. Hakuna aliyempa.

Alijaribu pia mitandao ya kijamii kwenye simu, akaishia kugombana nayo. Programu ilikuwa ikimsomea neno moja tu: kitufe, kitufe, kitufe. "Kitufe cha nini, hakisemi. Ukikizoea, wiki ijayo wamekihamisha. Ni kama kuishi na mtu anayehamisha viti kila ukilala," anasema. "Lakini barua pepe ni barua. Nani kaandika, kuhusu nini, anasemaje. Miaka yote ni vilevile."

Aliyemwonyesha kwamba hayo mambo mawili yanaweza kukutanishwa ni shemeji yake; mumewe, mdogo wake Opereta, ni dereva wa malori. Huyu shemeji ndiye fundi viatu mwenye karakana. Alirithi nyundo na ufundi kwa baba yake mzazi, na anapoulizwa amefanya kazi hiyo miaka mingapi hujibu, "Tangu kidole gumba kikiwa laini."

Alikuwa amefungua ukurasa wa viatu vyake, lakini simu ikawa haimwachi afanye kazi. Kila aliyependa picha, simu ililia. Kila aliyeuliza swali, simu ililia.

"Nikiishika na gundi mkononi, mimi na simu tunakuwa kitu kimoja," anasema fundi. "Siku moja ililia nikiwa nakata ngozi, kisu kikaenda nisikotaka. Kipande kizima kikaharibika. Nikaibeba simu mpaka kwa shemeji. Nikamwambia, wewe ulikuwa unapokea simu za jengo zima, hizi kelele zangu zitakushinda?"

Hazikumshinda. Walikaa alasiri moja, fundi akisoma maneno kwenye kioo na Opereta akimwambia pa kubonyeza, wakaielekeza mitandao yote itume taarifa zake kwenye anwani moja ya barua pepe. Simu ikanyamazishwa. Badala ya mshahara, Opereta akapewa kona ya karakana, bila kodi. Baadaye mwenye saluni ya jirani akaomba naye asaidiwe, kisha mshona magodoro, kisha shule ya udereva.

Barua zilipoongezeka, alizitengenezea folda. Wanaotaka kununua wana yao. Wanaolalamika wana yao, na hiyo huisikiliza kwanza, kabla ya chai, "kwa sababu hasira ya mteja ni kama maziwa, huwezi kuyaacha jikoni ukaenda kutembea." Pongezi zina yake. Kuna nyingine inaitwa Umbea, na haisikilizi, ila mkewe humwomba muhtasari.

Kompyuta aliifundisha kuchambua yenyewe. Barua yenye neno "bei" au "nataka" inapanda juu. Barua za matapeli, zile za umeshinda zawadi na bofya hapa, zinaangukia kwenye taka. Katika maneno ya kutupwa aliongeza neno moja ambalo kila tapeli hulipenda: bure.

"Nilijiona mjanja kweli," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii vidole vyake vinatulia.

Mwaka jana karakana ilikuwa inakufa. Viatu vya plastiki vilikuwa vimejaa mtaani kwa bei ambayo hata gundi ya fundi hainunuliwi. Fundi alikwisha kuomba kazi kwenye kiwanda cha kandambili na kukubaliwa. Aliambiwa aripoti Jumatatu. Alimjulisha mwenye nyumba kwamba anahama, akauza sehemu kubwa ya ngozi iliyobaki, na mashine yake ya kushonea viatu akaiuza kwa fundi wa mtaa wa pili.

Opereta alijua maana yake. Karakana ikifungwa, na meza yake imekwenda. Wateja aliokuwa nao wakati huo, watano, walikuwa wanamlipa kiasi cha kumtosha nauli na ada ya mtoto mmoja. Kodi ya chumba kingine asingeiweza.

Zikiwa zimebaki wiki mbili hivi, akaingia mwanamke mmoja, mhudumu wa mgahawa, akauliza swali ambalo fundi hakuwahi kuulizwa: unaweza kunitengenezea kiatu cha kushoto namba thelathini na saba na cha kulia thelathini na tisa?

"Nimezaliwa hivi," anaeleza mhudumu huyo, mcheshi mwenye sauti ya kupenya, ambaye amekubali kuongea na gazeti hili akiwa anapanga meza. "Tangu nianze kujinunulia viatu, nanunua jozi mbili, navaa kimoja hapa na kimoja pale. Viwili vinabaki. Kabatini kwangu kuna viatu vingi ambavyo havina wenzao. Nikimwona mtu anapita na jozi yake moja aliyonunua mara moja, namwonea wivu kama wewe unavyomwonea mwenye gari."

Fundi alimtengenezea kwa ngozi ya mwisho iliyokuwa imebaki, kabla mashine haijachukuliwa. Mhudumu alilipa, akavaa, akatoka. "Alitembea kama bibi harusi," anasema fundi. "Hata namba ya simu sikuchukua."

Nyuma ya mbao, Opereta alikuwa amesikia mazungumzo yote. Aliomba ruhusa ya mhudumu kabla hajatoka, mkewe, aliyekuwa amempitia, akapiga picha ya viatu, naye akaandika kisa hicho kwa mistari michache ambayo mkewe aliiweka kwenye ukurasa wa fundi. Alifikiri ni kama kuaga.

Kesho yake kikasha chake kilifurika. Watu walikuwa wanaandika kutoka kila upande: mwenye mguu uliovunjika utotoni, mwenye kidole kilichokatwa, mama ambaye mwanawe ana mguu mmoja mwembamba. Walituma picha za makabati yao.

"Barua zinaniambia, fulani ametuma picha. Fulani ametuma picha. Nikawa nawajibu, samahani, mimi ni kipofu, nielezee," anasema Opereta. "Wakaanza kuelezea. Hapo ndipo nilipojua kumbe si watu wachache."

Hata hivyo waliosifu walikuwa wengi kuliko walioagiza. "Pongezi hazilipi kodi," fundi alimwambia, na akaendelea kufungasha.

Alhamisi ya wiki ya mwisho, saa nne asubuhi, kompyuta ikamsomea maoni yaliyomfanya asimamishe kila kitu. Ilibidi ayarudie. Aliyeandika alijitambulisha kuwa mratibu wa kliniki ya mifupa.

"Fundi, tumekuandikia tangu Jumatatu, hujatujibu. Tunafunga kupokea mifano leo saa kumi jioni. Tunasikitika kukukosa."

Opereta alipekua folda ya wanunuzi. Hakuna. Malalamiko, hakuna. Akapekua pongezi, akapekua hata umbea. Kisha akaenda kwenye taka.

Barua ilikuwa pale, katikati ya zawadi za uongo. Kliniki ilikuwa inaanzisha mpango wa kuwapatia viatu bure watu iliowatibu ambao miguu yao hailingani. Ilikuwa inatafuta fundi. Ilitaka jozi moja ya mfano, na ikiwezekana iwe imekwisha kuvaliwa, ili ionekane inavyostahimili kazi.

Neno lilikuwa hilo moja tu. Bure.

"Shemeji," aliita. Nyundo ikanyamaza. "Kuna jambo. Usikasirike kabla sijamaliza."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika," fundi akajibu kutoka upande wa pili.

Akamweleza. Fundi alikuja akasimama mbele ya meza. Opereta anasema hakuhitaji macho kujua kwamba nyundo bado ilikuwa mkononi.

"Kwa hiyo riziki yetu umeitupa jalalani," fundi alisema polepole, "na mlinzi wa jalala ni wewe mwenyewe."

"Ndiyo. Na nimeirudia, bado haijaharibika. Tuna hadi saa kumi."

"Hadi saa kumi ya nini, shemeji? Ngozi sina. Mashine sina. Jozi ya mfano naitoa wapi?"

Jibu lilikuwa moja, na wote wawili walilijua. Jozi pekee ya namna ile iliyokuwepo mjini ilikuwa inatembea miguuni mwa mhudumu ambaye hawakujua jina lake wala anakofanya kazi.

Ila Opereta alikuwa na kitu kimoja. Siku picha ilipowekwa, mhudumu alikuwa ameandika chini yake, "Hivi ni vyangu, msiviguse." Kwenye mtandao alijiita Dada wa Meza ya Tano. Barua pepe iliyoleta maneno hayo ilikuwa bado imehifadhiwa. Opereta akaifungua, akaandika jibu na kulituma:

"Dada, hapa ni kwa fundi wa viatu vyako. Tunaihitaji miguu yako leo kabla ya saa kumi. Uko wapi?"

Hakufikiri jinsi maneno hayo yangesikika kwa watu wengine. Mamia walikuwa wanaufuatilia ukurasa ule.

Barua zikaanza kumiminika. Miguu yake ina nini? Amedaiwa? Fundi anataka kuvichukua viatu? Mwingine akaandika kwamba haki za miguu ziheshimiwe. Kila swali lilikuwa barua, na kila barua ilikuwa inamsogeza mbali na ile aliyokuwa anaisubiri.

"Nikasema, hapana, hapa nitazama," anasimulia, sauti yake ikipanda kana kwamba jambo hilo linatokea sasa hivi. "Nikaiambia kompyuta, barua yoyote yenye jina la Dada wa Meza ya Tano, ilie kengele. Nyingine zote zikae pembeni. Halafu nikakunja mikono nikasubiri kengele."

Fundi hakusubiri. Alijifunga kitambaa, akachukua futi ya kupimia na vipande viwili vya soli, akasema anatangulia kliniki akamshike mratibu asiondoke. "Wewe niletee miguu," alisema mlangoni.

Kengele ililia saa sita na nusu.

"Miguu yangu? Niko kazini, ndiyo kwanza wateja wa mchana wanaingia. Kuna nini?"

Opereta alimweleza kwa mistari mitano. Kengele ikalia tena: "Jamani. Bosi haniachii leo, mwenzangu anaumwa." Kisha kimya.

Ukimya wa kengele haukuwa ukimya wa ukurasa. Watu walikuwa wamesoma maelezo yake, na ghafla wakawa upande mmoja. Wakamwomba mhudumu aseme yuko mgahawa gani. Mtu mmoja, msomaji wa mita za maji, akaandika kwamba ana pikipiki, amemaliza mtaa wake, na yuko tayari kumfuata popote alipo. Opereta alilikuta jina lake kwenye lile rundo la pembeni, akamjibu: "Kaka, usizime simu."

Kilichotokea mgahawani anakisimulia mhudumu mwenyewe. "Mteja wa dirishani akanyoosha mkono. Nikadhani anataka bili. Akaniuliza, samahani, wewe ndiye Dada wa Meza ya Tano? Nikashtuka. Kumbe alikuwa anasoma tangu aingie. Akainuka na simu yake akaenda kwa bosi. Wa pili akainuka. Nikasikia mzee mmoja anasema, mwache binti aende, chakula tutajichotea wenyewe."

Mwenye mgahawa aliwatazama wateja wake, akamtazama mhudumu, kisha akatazama miguu yake. "Nenda," alisema. "Lakini sare yangu irudi safi." Mteja wa dirishani akaandika jina la mgahawa ukurasani, na msomaji wa mita akaja kumchukua.

Saa tisa kengele ya Opereta ililia kwa maneno mawili: "Tumeondoka. Pikipiki."

Baada ya hapo hakusikia kitu. Alikaa kwenye kona yake, hedifoni masikioni, akipokea barua za watu wasiomjua wakimuuliza wamefika, wamefika. Aliwajibu wote jibu moja: "Hata mimi nasubiri."

Kliniki, fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbi pamoja na mafundi wengine wawili. Wenzake walikuwa na viatu vipya vinavyong'aa ndani ya maboksi. Yeye alikuwa na futi. Zilikuwa zimebaki dakika chache mlango ufungwe pale mhudumu alipoingia na aproni yake kiunoni, nywele zimevurugwa na upepo.

"Mfano wangu ndio huo unakuja," fundi alimwambia mratibu.

Wakamwomba mhudumu atembee ukumbini. Akatembea. Wakamwomba apande ngazi na kushuka. Alisita kidogo, akauliza kama anaweza kubeba kitu, kwa maana mikono ikiwa mitupu hajui kutembea. Kwenye meza kulikuwa na sinia la vikombe vya chai. Akaliinua, akapanda nalo hadi ghorofa ya juu, akashuka nalo kwa mwendo wa mgahawani. Vikombe havikugongana.

Daktari alivishika viatu, akavikunja, akapitisha kidole ndani. Akamuuliza fundi kwa nini kisigino cha kushoto kimeinuliwa kidogo. "Mguu mdogo mara nyingi na mfupa wake ni mfupi kidogo," fundi alijibu. "Ukiusawazisha chini, kiuno hakiumi jioni." Mhudumu akadakia kwamba kweli, kiuno kilikuwa kimeacha kumuuma, na alikuwa amedhani ni dawa ya kuchua.

Waliambiwa majibu yatatumwa jioni ileile kwa barua pepe.

"Kwa barua pepe?" fundi aliuliza. "Basi huko tuna mwenyeji."

Walirudi karakana wote watatu: fundi, mhudumu na msomaji wa mita, ambaye alisema hawezi kwenda nyumbani bila kujua mwisho. Mke wa Opereta alikuwa ameshatoka kazini, wakamkuta hapo. Wakakaa juu ya maboksi yaliyofungashwa.

Barua iliingia jua likiwa linaelekea kuzama. Opereta aliisikia peke yake kwanza, kwa ile kasi yake ya mchele, kwa hiyo alijua kabla ya wote.

"Uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa," anasema mkewe. "Nikasema, tumekwisha."

Opereta alichomoa waya wa hedifoni ili sauti itoke nje. Akapunguza kasi mpaka ikawa ya kawaida. Akabonyeza.

Programu ile husoma Kiswahili kwa lafudhi ya mgeni aliyeshuka jana. "Tu-na-furaha ku-kujulisha," ilianza. Kliniki imemchagua fundi. Itaanza na jozi sitini, na wagonjwa wataanza kupimwa miguu wiki ijayo.

"Nikamwambia rudia," anasema fundi. "Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Mpaka yule mwanamke wa kwenye kompyuta nikampenda."

Msomaji wa mita alipiga makofi. Mhudumu alivua viatu, akavibusu kimoja baada ya kingine, akavivaa. Fundi alikwenda kusimama uso ukutani, kwenye zile mbao zilizowatenganisha, na kwa muda hakuna aliyemgusa.

Jumatatu kiwanda cha kandambili hakikumwona. Yule fundi wa mtaa wa pili aliirudisha mashine ya kushonea, ila kwa bei iliyopanda kidogo. "Aliniambia biashara ni biashara," fundi anasema, "na mimi nikamwambia, sawa, lakini gundi usije kuazima kwangu."

Sasa karakana ina mafundi watatu. Kliniki imeshaagiza mara mbili zaidi, na watu wa miguu isiyolingana wanakuja wenyewe. Opereta ameliondoa neno bure kwenye orodha ya maneno ya kutupwa. Barua zenye neno hilo zina folda yao, ameipa jina Huenda, na huisikiliza kila siku baada ya chakula cha mchana, moja moja, bila haraka.

Wafanyabiashara waliofuatilia tukio lile kwenye mtandao walianza kumtafuta wiki ileile. Kutoka wateja watano amefikia kumi na mmoja, na wanne wanasubiri. Anachopata kwa mwezi sasa kinazidi kidogo mshahara aliokuwa akilipwa kwenye jengo refu. "Kidogo," anasisitiza. "Msiniandikie tajiri, ndugu zangu wanasoma magazeti."

Chumba cha jirani, kilichokuwa stoo ya rangi, kimekuwa wazi tangu mwezi uliopita. Ameshalipia. Humo anataka kuweka meza sita.

Ameanza kuwatafuta waliokuwa maopereta wa simu wenzake, wasioona kama yeye, waliorudishwa nyumbani na mitambo ileile. Amewapata watatu. Mmoja, mama wa makamo aliyekuwa hodari kuliko wote zamani zao, alimkatalia mara mbili kwenye simu akisema mitandao ni mambo ya vijana. Mara ya tatu Opereta hakumbembeleza. Alimwomba aongee na mteja wa saluni aliyekuwa na hasira, kwa dakika chache tu, kama kumsaidia. Mteja alimaliza kwa kuomba radhi. Mama huyo ataanza Jumatatu ijayo, na tayari ameuliza kama kiti chake kitakuwa na mto.

Wakianza, kila mmoja atapewa wafanyabiashara wawili na anwani yake ya barua pepe. Opereta atawafundisha kupanga folda, kuchuja maneno na kuongeza kasi ya sauti kidogo kidogo, "kama mtu anavyozoea pilipili."

Na yeye mwenyewe, baada ya hapo?

Anavua hedifoni, anaiweka juu ya kibodi, na kwa dakika moja nzima barua zinaingia bila kusikilizwa.

"Nataka siku moja mtu abishe hodi hapa aulize, bosi yuko wapi? Ajibiwe, ameenda likizo," anasema. "Miaka kumi na sita nimewasaidia watu kuomba likizo zao. Zangu niliziuza zote, tulikuwa tunajenga. Nimemwambia mama watoto achague mahali. Amechagua kitandani, mpaka saa nne asubuhi. Tutaanzia hapo."